Nilivyoifukuza Hiliki Nyumbani Kwangu

Assalaamu alaykum, ndugu zangu, na ashukuriwe Mola aliyenirudishia pua yangu! Msicheke. Nakuoneni mnacheka. Pua nlikuwa nayo siku zote, mnaiona ilivyo, si pua ya kupotea hii. Lakini mwaka mzima na zaidi haikuwa na kazi, na leo wifi yangu Zuwena, mwenye nyumba hii tuliyokaa, kaniambia, "Salha, simama useme, maana humu wamo wanaolia kimyakimya kama ulivyokuwa ukilia wewe." Basi nimesimama. Na mwanangu Raya, yule pale anayepanga vikombe, nimemwomba ruhusa kabla ya kuja. Kaniambia, sema mama, lakini useme yote. Kwa hiyo nisaidieni kwa dua, maana yote si machache.

Wanaonijua wananijua kwa mapishi. Wazee wangu wametoka Unguja, mie nimezaliwa hapa Maskati, na mkate wa mayai nimeujua kabla sijajua kusoma. Lakini sikutosheka! Nlikuwa na uchu wa vitamu vya dunia nzima. Baklawa ya Waturuki. Keki ya jibini ya Wajapani, ile inayotikisika ukiigusa. Mikate ya Waswidi ya siagi na hiliki, inayokunjwa kama fundo la leso. Msiniulize nimefika wapi, sijafika popote isipokuwa Makka na Dubai. Nlijifundisha kwenye simu, nikiharibu, nikitupa, nikianza tena. Na kila kitamu na chai yake: ya Wamoroko na nanaa, ya Wachina na asumini, na yetu sisi ya maziwa na tangawizi.

Marehemu mume wangu Khalfan, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa ofisi ya serikali, mpole, mwenye kitambi, na mbele ya sahani hana subira. Kila Ijumaa baada ya Alasiri tulikuwa na mchezo wetu sisi watatu. Yeye anakaa sebuleni, Raya ubavuni mwake, mie naingia na sinia, naye anauliza, "Leo tumefika wapi?" Raya anaonja, anafumba macho, anajibu: Uturuki! Japani! Sisi tunakaa Wadi Kabir, magereji mbele na nyuma, harufu ya grisi na rangi ya magari tangu asubuhi. Ijumaa nikifungua oveni, mafundi walikuwa wakiinua vichwa kutoka chini ya magari. Hayo yalikuwa maisha yangu, ndugu zangu, na nlidhani ni yangu kwa haki.

Khalfan alikuwa na ugonjwa wa moyo, na sukari juu yake. Mie nikawa askari wake. Mkebe wa sukari niliupandisha rafu ya juu kabisa. Keki ya Ijumaa alipewa kipande cha ukubwa wa kidole, na chai yake sikuitia hata chembe. Badala ya sukari nikimtwangia hiliki nyingi, ili ulimi usilalamike. Alikuwa akisema, "Salha, hii si chai, hii ni dawa yenye harufu nzuri," kisha anainywa yote.

Sasa siku yenyewe. Ijumaa ile nlikuwa napika makaruni, vile vibiskuti vya Kifaransa vya lozi na ute wa yai. Nlishaviharibu mara nne. Ukifungua oveni mapema vinapasuka, ukichelewa vinakauka. Nimeinama mbele ya kioo cha oveni, pumzi nimezibana, Khalfan akaita kutoka sebuleni, "Salha, nipe chai." Chupa ya chai ilikuwepo pale pale mezani, imejaa, ya moto. Nikamjibu bila kugeuka, "Ngoja! Leo tunakwenda Paris. Paris huingii na chai ya chupa!" Nikaendelea kungoja vibiskuti vyangu, dakika ishirini hivi, labda zaidi. Vikatoka vizuri, ndugu zangu, vizuri kuliko vyote nlivyopata kupika! Nikachemsha chai mpya, nikapanga sinia, nikaingia, nikasimama nisikie ananiuliza tumefika wapi. Hakuuliza. Kesha kwenda kwa Mola wake, kichwa kwenye mto, mikono mapajani.

Mume wangu kaniomba chai, nikamwambia ngoja. Hilo ndilo neno la mwisho alilolisikia kwangu. Sikumwambia mtu yeyote. Watu walikuja kunihani, wananiambia Khalfan kafa kwa raha, kafa nyumbani mwake, na mie moyoni nasema, kafa na kiu.

Nikakaa eda. Mnajua nyote kwamba mjane hajitii manukato miezi minne na siku kumi. Mie nikaona haitoshi. Marashi yangu ya mawaridi, ya milima ya Jabal Akhdhar, chupa ni moja: ndiyo ya kunyunyizia wageni na ndiyo ya kutia kwenye keki. Nikasema, kama siwezi kujipaka, basi na kula siwezi. Nikayamwaga. Kutoka marashi nikahamia zafarani. Kutoka zafarani, arki ya vanila. Kutoka vanila, mdalasini. Mwisho nikalifunga kopo la hiliki kwenye mfuko, nikampa jirani. Mama mmoja aliyekuja kunitazama akanikuta nakunywa maji ya moto na majani matupu, akasema, "Mashallah, Salha kashika dini kwelikweli!" Astaghfirullahi, nikaona raha! Hakuna shekhe aliyeniambia nifanye vile. Sikumuuliza hata mmoja, kwa sababu nlijua atanijibu nini.

Eda ikaisha. Zuwena na wenzake wakaja kunikosha, wakanivika nguo mpya, wakanifukiza udi. Nikawashukuru. Lakini jikoni kwangu nikabaki edani. Oveni ikawa kabati la masufuria. Ijumaa ikija tunakula mkate mkavu, mie na Raya, tunatazamana. Siku moja jirani katuletea pilau, nikaona mtoto kaokota hiliki kwenye sahani anainusa. Nikamnyang'anya! Nikamwambia kwa ukali, "Hiliki haiingii tena nyumba hii, na unajua mwenyewe kwa nini." Uso wake ukageuka. Mie nikadhani kanielewa kwamba namaanisha babake. Kumbe, ndugu zangu, maneno yale mtoto kayachukua kwengine kabisa, na mie nikaenda zangu kuosha vyombo.

Tangu hapo Raya akaanza kunihama. Kwanza alikuja hapa Wattaya kwa shangazi yake Alkhamisi moja moja. Halafu wiki moja, halafu mbili. Siku moja Zuwena akanipigia simu, sauti ya kunibembeleza ambayo si yake, mnamjua alivyo. "Salha, Raya anataka kuhamia kwangu. Nimemuuliza sababu, hasemi. Anasema tu kwenu hakunuki kitu." Nikakata simu. Nikaenda chumbani kwake nikafungua kabati, nikakuta nguo zake zote keshazichukua, kidogo kidogo, bila mie kuona. Kabakisha sare moja ya zamani isiyomtosha.

Jamani! Mume nimempoteza kwa amri ya Mungu, lakini huyu namfukuza kwa mikono yangu! Nikatandika msala. Sikuomba kwa maneno mazuri. Nliomba kama mtoto anayevuta nguo ya mamake. Nikasema, Ya Rabbi, usinichukulie na huyu. Kama kuna nilipokosea nionyeshe, hata kama ni aibu, nionyeshe tu. Nlikuwa nshasali sana tangu Khalfan afe, lakini sikuwahi kuomba kuonyeshwa kosa langu, kwa sababu nlijiona nalijua tayari.

Ijumaa iliyofuata nikachukua teksi nikaja hapa, baada ya Alasiri. Sikubisha hodi. Nikapitia mlango ule wa jikoni. Hata sijavua viatu, harufu ikanipiga: siagi, mkate wa moto, na hiliki. Nikashika fremu ya mlango. Raya alikuwa mbele ya oveni, unga mpaka kwenye nyusi, na trei ya mikate ya Waswidi imetoka sasa hivi. Aliponiona aliruka akasimama mbele ya trei, kanyoosha mikono miwili kuizuia nisiione. Mtoto wa miaka kumi na moja! Akasema, "Mama, wallahi nimepika tu. Sijampa mtu. Sijampa mtu yeyote ale."

Nikamuuliza, kwa nini usimpe mtu?

Akaniambia, "Kwa sababu ya ile chai nlompa baba."

Ndugu zangu, nishikeni hapa. Siku ile, mie nimeinama mbele ya makaruni yangu, Raya kasikia babake anaomba chai na mimi nasema ngoja. Akamhurumia. Mlango wa jikoni ulikuwa uko nyuma yangu, na chupa iko mezani. Akaichukua pole pole, akapanda kiti akateremsha mkebe wa sukari, mie sisikii wala sioni. Akammiminia babake chai ya hiliki, akatia vijiko viwili vya sukari, akavirudisha chupa na mkebe mahali pake. Khalfan akainywa. Kisha akamwambia akakioshe kikombe bombani uani, wasije wakagombezwa wote wawili. Kikombe kiko mkononi, maji yanamwagika, ndipo akanisikia mie nikipiga ukelele ndani. Na tangu siku ile mwanangu alijua, kwa akili yake ya kitoto, kwamba yeye ndiye kamuua babake. Nilipoifukuza hiliki akajua nimegundua. Nilipomwambia "unajua mwenyewe kwa nini," akajua namhukumu. Alinihama ili asinitazame usoni! Mie nimebeba mzigo wangu upande huu wa sahani, yeye kabeba wake upande ule, na tulikuwa tukila pamoja kila siku.

Zuwena akatoka kusali na kanga yake ya sala mwilini, keshasikia yote. Mnajua alikuwa muuguzi. Akamshika Raya mabega, akamwambia, "Vijiko viwili vya sukari havisimamishi moyo, mwanangu! Moyo wa kakangu ulichoka kabla wewe hujazaliwa, mie ndiye nilokuwa nikimpeleka hospitali. Hukumuua. Umenisikia? Hukumuua." Akamrudilia mara tatu. Halafu akanigeukia mie, na hapo ndipo sauti yake ya kila siku ikarudi. "Na wewe Salha! Nani kakuharimishia hiliki? Mungu kakupa miezi minne na siku kumi, weye umejiongezea mpaka lini? Umekuwa na huruma ndogo kuliko Yeye?"

Nlikuwa na swali moja tu, nalo nilimuuliza Raya. Nikamwambia, hiyo chai, aliinywa?

"Aliinywa yote, mama."

Akasema nini?

Akajifuta unga kwenye nyusi. Kisha akasema, "Alisema, mwache mamako aende Paris kwa raha zake, mie nshapata chai yangu. Akacheka."

Alicheka?

"Alicheka, mama. Mpaka tumbo likatikisika."

Nlianguka pale pale, kwenye ule unga uliomwagika, nikasujudu kwenye sakafu ya jikoni ya wifi yangu. Sijui nilikuwa naelekea wapi, Mungu atanisamehe. Mume wangu hakufa na kiu! Chai yangu aliinywa, hiliki yangu mwenyewe niliyoitwanga mimi, kutoka mkono wa mwanawe, na kaniachia raha zangu. Salamu hiyo ilikuwepo siku zote, ndani ya nyumba yangu, kifuani mwa mtoto wangu, na mie ndiye nlomziba mdomo. Nikamvuta Raya hapo chini, tukalia mpaka tukachoka kulia. Kisha nikachukua mkate mmoja kwenye trei nikauuma. Mgumu! Hiliki kaitia na maganda yake yote, kama majani ya uani. Nikautafuna wote. Akanitazama mpaka nilipomeza, macho hayapepesi, na niliposema "Raya, tumefika Uswidi," ndipo mabega yake yakashuka.

Jioni ile alirudi nyumbani na mimi, na nguo zake ndani ya mifuko minne. Ijumaa ya pili tuliyatoa masufuria kwenye oveni. Sikuambieni kwamba hatulii tena. Tunalia. Khalfan hayupo sebuleni, na kuna Ijumaa nikiingia na sinia nasimama mlangoni kidogo kabla ya kuketi. Lakini tunalia nyumba ikinukia, na sasa Raya ndiye anayeuliza tumefika wapi.

Basi ndugu zangu, mie si shekhe, sikuja kukusomesheni. Nasema tu nliyoyaona. Kama umejifungia kitu na ukakipa jina la dini, muulize Mola wako kama ni Yeye aliyekifunga. Na mwanao akinyamaza, usimnyamazie. Mwamini Mungu, mwombe akuonyeshe, hata ukiogopa jibu. Mie niliogopa, na jibu lilikuwa mume wangu akicheka.

Mikate iliyo kwenye masinia yale kapika Raya, asubuhi hii, peke yake. Maganda bado anayasahau, mtatafuna tu. Chai anakumiminieni yeye mwenyewe. Bismillahi, chukueni, lakini nnakuombeni jambo moja: msiifunge kwenye leso mkaenda nayo nyumbani. Kuleni hapa, mbele yake. Nnataka aone.