Alec Birtwell, Kiungo Aliyebakizwa

Wasikilizaji wapendwa wa Skelbrough na vitongoji vyake, habari za asubuhi. Kaeni karibu na redio, chai iwe mkononi. Leo tunamkumbuka Alec Birtwell, kiungo wa timu yetu ya mpira, Skelbrough Town, aliyetutoka Jumapili akiwa nyumbani, mkewe Marjorie amemshika mkono.

Alec alikuwa kiungo. Nasema tena kwa vijana ambao hawakumwona: alikuwa kiungo, na kiungo haswa. Hakuwa na mbio. Mwili wake ulikuwa mwembamba, miguu imepinda kidogo. Lakini akiupata mpira katikati ya tope letu la Januari, uwanja mzima ulitulia. Pasi yake ilikuwa inafika kabla beki hajajua kama imeondoka.

Mwaka wa hamsini na nne klabu kubwa ya daraja la kwanza, kutoka kusini, ilimtaka. Kocha wao alikuja mwenyewe, akala pai na Alec kwenye baa ya Swan, wakakubaliana. Alec alirudi nyumbani mbio, akamwambia Marjorie, "Funga masanduku, mke wangu. Tunahama."

Marjorie ananiambia alicheka, akaanza kufunga vyombo siku ile ile. Alikuwa na mimba ya binti yao, Lorna.

Mwenyekiti wa klabu, Bwana Crossley, alikataa.

"Wewe ukiondoka, kijana, nani atakuja kutazama hawa waliobaki?" alimwambia Alec ofisini. "Uuze ng'ombe wa maziwa, ubaki na kamba?"

"Mkataba wangu umekwisha, mwenyekiti."

"Mkataba umekwisha. Usajili wako ninao mimi."

Hapo ndipo penye kisa, wasikilizaji wapendwa. Sheria ya mpira ya wakati ule ilikuwa hivyo. Mkataba ulikwisha, lakini klabu iliendelea kukushika. Isipokuachia, huchezi kokote. Si kusini, si kaskazini, si popote kwenye ligi.

Alec akagoma. Hakusaini mkataba mpya. Akaenda kuvunja mawe machimboni, akirudi jioni na vumbi kwenye kope. Na nyumba waliyokaa ilikuwa ya klabu, nyuma kabisa ya jukwaa la kaskazini la uwanja. Kila Jumamosi alasiri alisikia kipenga. Alisikia watu wakiguna, wakipiga kelele, wakiimba. Alikuwa anakaa jikoni, kiti amekigeuzia ukuta.

"Nilimwambia tutoke, twende hata kwa dada yangu," Marjorie anasema. "Akasema, 'Marjorie, hata nikienda kwa dada yako bado nitausikia.' Alikuwa anajua nani kakosa goli kwa jinsi watu walivyoguna. Alikuwa anataja majina."

Watu nao hawakumwacha. Machimboni walimtania: "Bwana mkubwa, kusini hawajatuma gari?" Dukani, mama mmoja alimgeuzia mgongo Marjorie kwa sababu timu ilikuwa inafungwa.

Lorna alizaliwa wakati wa theluji. Wiki ile ile katibu wa klabu, Bwana Tatlock, alibisha hodi. Hakutaka kuingia. Alisimama mlangoni akiizungusha kofia yake.

"Alec, nisamehe. Mwenyekiti anasema nyumba inatakiwa na mchezaji."

"Mke wangu hajanyanyuka kitandani, Tatlock."

"Najua. Nimemwambia."

"Akasemaje?"

Tatlock aliitazama kofia yake. Alec alimtazama, kisha akapanda juu, akasimama kwenye mlango wa chumba. Mtoto alikuwa amelala. Alec alishuka, akavaa kofia, akaenda kusaini na nguo zake za machimboni.

Bwana Crossley alimpa mkono. "Nilijua utarudi. Karibu nyumbani."

Basi akacheza. Na wasikilizaji wapendwa, alicheza. Msidhani alitegea. Tulipopangwa kwenye kombe na klabu ile ile ya kusini, ikaja hapa kwetu na nyota zake, Alec aliwazungusha mpaka wakagombana wenyewe kwa wenyewe. Tukashinda. Watu walivunja uzio, wakambeba mabegani. Picha ile bado iko ukutani pale Swan. Siku nyingine itazameni vizuri. Kila mtu amefungua mdomo kwa furaha isipokuwa yule aliyebebwa.

"Yule kocha alikuja kumpa mkono," Marjorie anakumbuka. "Akamwambia, 'Ningekuchukua hata leo.' Mume wangu akamjibu, 'Mwambie aliye na ufunguo.'"

Miaka ikapita. Mahakama ilipokuja kuivunja sheria ile, goti la Alec lilikuwa limeshavunjika mara mbili. Mlango ulifunguliwa, na yeye hawezi tena kukimbia.

Klabu ikamwandalia karamu. Bwana Crossley, mzee sasa, alisimama na glasi. "Huyu ndiye mwaminifu kuliko wote," akasema. "Wengine waliitwa wakaenda. Alec alibaki."

Alec akasimama polepole, akishika meza.

"Ahsante, mwenyekiti. Ila nikusahihishe neno moja. Sikubaki. Nilibakizwa."

Ukumbi mzima ulicheka. Walidhani ni utani wake. Bwana Crossley alicheka kuliko wote. Marjorie peke yake hakucheka, na Alec alipokaa, alimshika mumewe mkono chini ya meza.

Juzi viongozi wa sasa wa klabu, watu wema, walikwenda kwa familia. Waliomba jeneza lizungushwe uwanjani, watu wampigie makofi mara ya mwisho. Lorna aliwakaribisha chai. Akawashukuru. Kisha akasema, "Mpira aliupenda, na nyinyi watu aliwapenda. Lakini pale ndani, baba amezunguka vya kutosha."

Kwa Mama Marjorie, kwa Lorna na wajukuu: poleni sana. Msiba wenu ni wetu. Nasi tuliobaki tujiulize jambo. Tunapomsifu mtu kwa kutulia mahali, tumewahi kumuuliza kama mlango ulikuwa wazi?

Mazishi ni Alhamisi, saa tano asubuhi. Msafara hautapita uwanjani. Utapita barabara ya juu, ya kanisani. Mwenye kutaka kuvua kofia, akasimame huko.