Picha ya Mlima na Kiwanja cha Tumasch

Benchi letu liko nje ya kiwanda kidogo cha jibini, linautazama mlima. Wiki ile ukumbi wa kijiji ulikuwa unapakwa chokaa, wakaitoa nje picha ya rangi za mafuta ya mlima huohuo, iliyochorwa enzi za babu zetu, wakaiegemeza ukutani nyuma yetu. Ikawa mlima huku, mlima kule, sisi katikati na kahawa. Tumasch alikuwa ameshapigilia vigingi kwenye uwanda ulio chini ya msitu. Jumatatu aanze kumjengea mwanawe nyumba. Placi, fundi jibini mstaafu tunayemwita Chumvi, ndiye aliyeiharibu asubuhi.

— Tumasch, msitu wa juu ya kiwanja chako humu pichani haumo. Kuna ukanda mweupe tu toka kileleni mpaka chini. Theluji iliporomoka ikaufagia.

— Mchoraji aliishiwa rangi ya kijani, Chumvi.

Balz, tunayemwita Kengele kwa sababu sauti yake inawafikia ng'ombe juu malishoni, akaja na lake.

— Rangi alikuwa nayo. Watu wa bonde la pili walimpa mvinyo atuchore tuonekane hatuna hata kuni.

— Wale wanajua picha ni nini, Kengele?

— Ndiyo maana walimlipa mvinyo.

Mimi nikasema mchoraji alikuwa amependa msichana wa hapa, mlimani hakutazama kabisa. Tumasch alicheka kuliko wote, na kicheko kile sikukipenda. Alikuwa anaogopa.

Annetta, mchumba wa mwanawe, binti wa tambarare, alikuwa amekuja kuchukua maziwa. Aliitazama picha muda mrefu.

— Baba, kila uwanda humu una banda la nyasi kavu, hata miteremko ambayo mbuzi angeiogopa. Huu wa kwetu ni mpana kuliko yote. Mbona wazee hawakujenga hapo hata banda?

Kengele akaitazama picha, akautazama mlima. Hata leo banda halipo. Kila kiangazi tunakata nyasi pale, tunazibeba mgongoni mpaka kwenye mabanda ya ng'ambo ya kijito, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Tumasch akainuka, kahawa yake haijafika nusu. Baadaye tulimsikia kule juu akivigonga vigingi ubavuni, kuvilegeza kabla ya kuving'oa.