Walinzi Waliokosea Chapa

Ndugu zangu, amani iwe kwenu. Nilipewa dakika tano za kusema, tukapatana, zikawa kumi. Mimi ni dalali wa ng'ombe hapa Garsen. Bei ya kwanza sijazoea kuipokea.

Kwetu mnadani bei haitamkwi mbele za watu. Mnashikana mkono chini ya shuka, vidole vinasema. Ukibana vitano, umesema tano. Shahidi hakuna, ila uaminifu wako.

Mwaka juzi miguu ilianza kuwa mizito, mdomo ukakauka, kope zikaning'inia. Nikasema ni joto. Halafu siku moja msikitini nikasujudu, nikashindwa kuinuka. Jirani yangu alinishika kwapani, lakini kabla ya kuninyanyua alininusa mdomo. Nawaambia, alininusa mara mbili.

Wiki ile ile nilikuwa namuuzia mzee mmoja wa Nanighi fahali wake. Mnunuzi alinibana vidole vitano. Nami nikambana mzee vitano, ila nguvu yangu iliishia kwenye vitatu. Mzee akachukizwa, akarudi na fahali wake. Baadaye akajua mnunuzi alitoa tano.

"Dalali," akasema mbele ya soko zima, "hivyo viwili ulitaka kuvila na nani?"

"Mzee, mimi nilibana vitano."

"Ulibana kama mtoto anayetafuta ziwa."

Watu wakacheka. Ningecheka pia, kama anayechekwa angekuwa mwingine.

Tangu hapo hakuna aliyenipa mkono. Nilihesabu miezi saba. Nikiketi kwenye benchi la mkahawa, wenzangu wote wanakumbuka shughuli. Huyu anasema pombe, yule anasema miraa. Nikawa naswali nyumbani, nimeketi. Mke wangu alinivusha kizingiti kila asubuhi, lakini naye aliacha kuniuliza kitu, kwa kuogopa jibu. Ndugu zangu, mtu anaweza kuwa peke yake ndani ya nyumba ya watu tisa.

Mwishowe ni yeye aliyenipandisha basi, mpaka hospitali ya mbali. Daktari, binti wa umri wa mwanangu, akaninyooshea mkono.

"Nibane, baba."

Nikabana. Hafifu.

"Tena. Tena."

Mara ya nne nguvu ikaja. Akaniangalia. "Aliyechoka hupungua, wewe unaongezeka. Unavuta sigara?"

"Pakiti moja kwa siku."

"Baba."

"Mbili."

Picha ikaonyesha saratani kwenye pafu, bado ndogo. Akanieleza: mwili una walinzi wake. Waliiona saratani, wakaikariri chapa yake. Sasa, pale neva inapokabidhi amri kwa msuli pana chapa inayofanana, nao wakapiga huku na huku. Nilimwelewa kuliko alivyodhani. Ng'ombe wangapi kwetu wameshikwa kwa makosa ya chapa?

"Ni ugonjwa wa nadra," akasema.

Nikamwuliza kama una punguzo.

"Punguzo lako ni kwamba walinzi walipiga kelele mapema."

Nikawekewa dripu, nikapigwa mionzi, nikapewa vidonge vya kuamsha misuli. Nywele zilikwenda, miguu ikarudi nusu. Sitawadanganya, ngazi bado naziomba ruhusa. Picha mbili za mwisho hazikuona saratani, na bado narudi kupimwa.

Nilipoweza kutembea, nilimfuata mzee kwake Nanighi, nikamweleza yote. Akaniuliza:

"Na yule fahali wa kabla ya hapo, uliyenipunja bei yake? Walinzi walikuwa wapi?"

"Mzee, yule nilikupunja mimi mwenyewe, nikiwa mzima."

Ndipo akanipa mkono.

Namshukuru Mungu, na mke wangu, na yule binti daktari, nanyi wa kikundi hiki cha wagonjwa mlionipokea bila kuniuliza nanuka nini. Ninachoweza kuwaachia ni hiki: mtu akiyumba, mwulizeni anaumwa wapi. Na wewe unayeyumba, usiifiche aibu miezi saba. Nimelipia mimi, inatosha.

Nina dakika moja imebaki, siitaki. Kuna ndugu kule mlangoni amekuja peke yake, na viti viwili vya kando yake viko wazi. Naenda kukaa naye.