Neno la Baada ya Kulipa

Kijana aliyekaa mbele yangu kwenye treni alikuwa na kompyuta mapajani, akitengeneza ukurasa wa malipo wa tovuti ya fundi wa majeneza. Mama wa pembeni yake hakujifanya haoni, nami sikujifanya sisikii. "Hebu ngoja, mwanangu," mama akasema. "Mtu amelipia jeneza, ndiyo unamwandikia 'Hongera, karibu tena'?"

"Lo! Ukurasa huu niliutengeneza kwa ajili ya duka la viatu, mama. Nimebadilisha picha tu." Chini palikuwa na maneno ya kijani: ongeza kimoja, usafiri bure. Niliuma mdomo nisicheke.

"Sasa niandike nini?" kijana akauliza. "Fundi anataka wateja wachangamkiwe."

"Nilipomzika mume wangu, aliyeniuzia alisema 'pole', akanishikia mlango, basi. Na wewe andika pole, unyamaze."

"Ukurasa utakuwa mtupu, mama."

"Hata nyumba ilikuwa hivyo niliporudi."

Treni ikasimama, mama akashuka. "Pole, mama," kijana akasema, lakini mlango ulikuwa umeshafungwa, na pale kwenye skrini bado tulikuwa tunakaribishwa tena.