Siku Wageni wa Bahi Walipokuja Botini

Mbukwenyi, ndugu zangu, na wakubwa shikamooni. Ninyi wa Kondoa nawasalimu kwa Kiswahili, maana ile lugha yenu ya kugonga ulimi ilinishinda tangu shuleni. Nimeombwa niseme kidogo, na mke wangu amenionya nisiongeze chumvi. Yuko pale nyuma, ananiangalia.

Wengi wenu humu mmepata barua ya kupunguzwa kazi mwezi uliopita. Mimi yangu niliipata mapema, mashirika yalipoanza kupunguza watu. Nilikuwa mtunza stoo katika shirika moja la umma hapa Dodoma mjini, tukitengeneza pampu za visima. Tuliitwa mmoja mmoja, mimi nikaingia wa nne, na nilipotoka sikuwa na kazi.

Sikumwambia mke wangu. Nilikuwa mtu wa kalamu mfukoni, majirani wananiita bwana stoo, nikaona aibu. Jumatatu nikavaa vizuri, nikaenda kukaa stesheni ya treni hadi saa tisa na nusu, kisha nikarudi nyumbani kulalamika kwamba kazi zimezidi. Nilifanya hivyo wiki tatu. Msicheke, najua humu ndani wamo wanaokaa stesheni hadi leo. Uongo huo uliponichosha nikatunga mkubwa zaidi: nikasema shirika limenihamishia Dar es Salaam.

Dar nilibeba mizigo mpaka nikasikia kuna mzee wa Kizungu anatafuta mtu wa kuishi naye kwenye boti ya matanga. Alikuwa fundi mitambo aliyestaafu, amekaa nchini miaka mingi, na Kiswahili chake kilinyooka kuliko cha bibi yangu. Akaniuliza, "Unayajua maji?" Nikamjibu kwamba nimezaliwa Bahi na baba yangu ni mvuvi. Hiyo ilikuwa kweli. Akauliza, "Na kuogelea?" Nikasema, "Sana tu, mzee."

Kwa wasiopajua Bahi, niseme hivi. Mwaka wa mvua nyingi ile mbuga inajaa maji na kambale ni wengi. Lakini sisi tunavua kwa miguu. Unakunja suruali, unaingia, maji yakizidi sana yanafika kiunoni. Ukianguka, unasimama. Sijawahi kumwona mtu wa kwetu akiogelea, maana hajawahi kuwa na haja hiyo.

Nikaishi ndani ya boti ile mwaka mzima na zaidi. Ilitia nanga kwenye mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, kando ya mikoko, maji yametulia kabisa. Kitanda changu kilikuwa chembamba, ukiinuka haraka unagonga kichwa. Maji ya kunywa tuliyaleta kwa madumu, na katika kubana maji mtu wa Dodoma hana mpinzani, hata mzee alikiri. Nilijifunza kupaka rangi, kufunga kamba, na zaidi ya yote kushona matanga, kwa sindano nene na kipande cha ngozi kiganjani. Niliipenda ile kazi kuliko stoo, nasema kweli.

Siku moja mzee akatangaza kwamba tutavuka bahari hadi Shelisheli, sisi wawili tu. Nikaandika nyumbani kwamba shirika linanituma ng'ambo kwa boti. Sasa nanyi mnajua, kwetu mtu hasafiri safari kubwa kabla watu wake hawajala naye. Basi wakaja kwa treni: mke wangu na marafiki zangu watatu niliovua nao kambale utotoni. Walibeba unga wa uwele, mlenda mkavu, na jogoo mzima.

Niliwapokea kwa madaha, ndugu zangu. Niliwaonyesha dira, niliwaonyesha jiko linaloning'inia, nikasema hapa ndipo ofisini kwangu. Mke wangu akaniuliza, "Hivi shirika la pampu linakwenda Shelisheli kufanya nini?" Nikajifanya sikusikia. Mzee alikaa nasi, akatafuna karanga, akafurahi.

Nilipomfungua jogoo nimchinje, akanichomoka, akaangukia majini. Rafiki yangu mmoja akasema, "Tulia, namleta." Akavua viatu. Akakunja suruali hadi magotini, mguu huu, kisha huu. Na mimi niliyekaa juu ya maji yale mwaka mzima nilimtazama tu wala sikushtuka, kwa sababu hivyo ndivyo mtu wa Bahi anavyoingia majini. Akapiga hatua nje ya boti, akazama mzima mzima.

Wote wakanigeukia. Mke wangu akasema, "Si wewe baharia? Mtoe."

Nikajitupa. Nawaambia, miguu yangu ililitafuta lile tope la nyumbani na haikulipata. Nilimshika mwenzangu, naye akanishika shingo, tukawa tunazamishana. Niliogopa kufa, na niliogopa zaidi kwamba nitakufa huku mke wangu akidhani mimi ni mfanyakazi wa shirika. Mzee yule, na umri wake, akatupa boya, akaruka, akatuvuta mmoja baada ya mwingine. Jogoo alikwishafika kwenye mikoko, hakuhitaji mtu.

Nilipomaliza kutapika maji, mzee akasema polepole, "Hujui kuogelea." Nikasema sijui. Mke wangu akasema, "Basi shirika lilikuajirije?" Hapo nikakosa pa kwenda. Boti haina mlango wa nyuma. Nikasema hakuna shirika, hakuna uhamisho, nikaeleza barua, nikaeleza stesheni, mbele ya marafiki zangu, nimelowa chapachapa, nikilia.

Mke wangu akanitupia kanga yake nijifute. Kisha akasema, "Mwaka mzima nimelala peke yangu kwa sababu una kazi. Ungeniambia huna, nisingelala peke yangu hata siku moja." Sijawahi kupigwa, ila siku hiyo nilipigwa.

Mzee naye akasema asiyejua kuogelea anaweza kumfundisha, lakini anayemdanganya atamwacha nchi kavu. Zilibaki wiki tatu aondoke. Mke wangu akamwambia, "Mzee wangu, mfundishe. Mimi nitakaa hapa nihesabu uongo wake." Akakaa kweli. Alilala kwenye boti ile, akatupikia mlenda, na kila asubuhi alisimama akinitazama nikinywa maji ya chumvi. Wiki ya tatu nikaizunguka boti mara mbili bila kushika kitu. Akapiga vigelegele pale pale.

Tukavuka. Kulikuwa na siku nilizotapika na siku nilizoimba, na tulifika salama. Niliporudi Dodoma sikutafuta tena kalamu ya mfukoni. Malori ya watu binafsi yalikuwa yamejaa barabarani, na kila lori linataka turubai. Hayo maturubai mnayoyaona yakipita kuelekea Singida, mengi nimeyashona mimi, kwa mshono wa matanga. Ninao mafundi wanne sasa, wawili kati yao walipewa barua siku ile ile niliyopewa mimi.

Namshukuru mzee, popote alipo. Namshukuru rafiki yangu, amekaa pale karibu na dirisha, na bado hataki kula kuku nyumbani kwangu. Mke wangu nitamshukuru nyumbani, hapa atanicheka.

Nilichojifunza ni kidogo. Kazi niliipoteza siku moja, watu wangu nilikuwa nawapoteza kila asubuhi nilipovaa shati kwenda stesheni. Ndugu yangu ambaye hujasema nyumbani kwamba umepata barua, usisubiri chai wala kikao kiishe. Mwenzako bado hajaanza kupika jioni hii. Nenda ukamwambie sasa hivi, viti tutapanga sisi tuliobaki.