Mwalimu Aliyeandikwa Hayupo

Ndugu, jamaa na marafiki, nyinyi mliovuka mto kutoka Lubunga na nyinyi mlioteremka kutoka mjini, familia inawaomba utulivu wa dakika chache, ili mdogo wa marehemu, Landry, mvuvi wa hapa hapa Wagenia, ambaye hakuzoea kusoma mbele za watu, awasomee maisha ya kaka yake jinsi yalivyokuwa, bila kuyatia chumvi wala sukari, maana marehemu mwenyewe alikuwa mtu wa kusahihisha, na hata leo tunaogopa asije akainuka kutusahihisha.

Papa Sylvain Lofemba alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, hapa Wagenia, kando ya maporomoko, mtoto wa kwanza wa Papa Séverin Lofemba, mvuvi, na wa Mama Marthe, muuza samaki, na wanawake waliompokea walisema kwamba mtoto anayezaliwa mto ukiwa umejaa huwa mkaidi, wala hawakukosea.

Alianza shule ya msingi Septemba 1977, akaimaliza 1983, akaendelea na sekondari upande wa ualimu, na mwaka 1991 akapata diplome d'État, cheti cha kumaliza sekondari, karatasi ambayo Papa Séverin aliifunga ndani ya plastiki na kuitundika ukutani juu ya kitanda, wageni wakawa wanaonyeshwa diplome kabla hata hawajapewa maji ya kunywa.

Lakini diplome haipikwi, wala haiungwi kwa mawese, kwa hiyo mwaka ule ule akarudi mtoni pamoja na baba yake, na hapo ndipo alipoanza mazoea yake ya kusema kwamba kila kazi ina utamu wake na uchungu wake, na kwamba mtu anayekutajia kimoja tu ni mgeni kazini au ni muongo. Utamu wa uvuvi, alisema, ni kwamba mto haukuulizi karatasi, unatega kikapu chako kwenye maji yanayokimbia, na asubuhi Mungu amekuwekea alichokuwekea. Uchungu wake ni kwamba mto ukichukua nao hauombi ruhusa. Tarehe 9 Oktoba 1996 mdogo wetu Faustin aliteleza kwenye miti iliyosimikwa majini kushikilia vikapu, akienda kuinua kikapu, tukampata siku ya tatu, huko chini, na tangu siku hiyo Papa Sylvain hakukanyaga tena miti ile, wala hakumlaumu mtu anayeikanyaga.

Februari 1997 alinunua baiskeli akawa toleka, akibeba abiria nyuma katika mji huu wote, na kazi hiyo nayo aliipima kwa mizani yake: utamu ni kwamba abiria akishakaa nyuma yako anaungama kama yuko mbele ya padri, kwa sababu haoni uso wako, uchungu ni mvua, ni mgongo, na ni wale wanaokuita, wewe toleka, kuja, kana kwamba mama yako hakukupa jina. Huko barabarani ndiko alikokutana na Mama Julienne, binti wa Yahuma, aliyekuwa amebeba mzigo wa kwanga, mikate ya muhogo, mzito kuliko yeye mwenyewe, akampakia, carrier ikavunjika, kwanga zikaanguka kwenye tope, naye badala ya kukasirika akacheka mpaka akakaa chini. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 21 Julai 2001, na Mungu akawapa watoto watatu, Gracia mwaka 2002, Séverin mwaka 2005, na Claudine mwaka 2009, wote wako hapa mbele yenu.

Pikipiki zilipojaa mjini, toleka akakosa abiria, na tarehe 5 Septemba 2005 marehemu alipokelewa na Direkta Mahmoudi, ambaye anatoka Maniema na ambaye ametuheshimu kwa kuwapo leo, katika shule moja ya msingi huko Lubunga, marehemu akapewa darasa la tatu, akaambiwa kwamba namba yake ya matricule itafika kabla ya mwaka kwisha. Kwa wale wasiojua, mwalimu asiye na namba hiyo anafundisha, anasahihisha, anapigiwa saluti na watoto njiani, lakini kwa serikali hayupo, anaishi kwa kile wazazi wanachomchangia, leo unga, kesho sabuni. Papa Sylvain alisema sawa, mwaka mmoja si kitu, mwenye kusubiri hakosi. Alisubiri miaka kumi na tisa na miezi minane.

Kila mwanzo wa mwaka aliwafundisha watoto somo ambalo halimo katika programu ya serikali, kila mtoto aende nyumbani akawaulize wazazi utamu mmoja na uchungu mmoja wa kazi yao, kisha aje kuusema mbele ya darasa. Mtoto wa seremala wa majeneza alisema kwamba wateja wa papa hawarudi kulalamika, lakini jirani akiugua, papa akienda kumsalimia, watu wa nyumba wanamtazama vibaya. Mtoto wa muuza kwanga alisema kwamba kwanga zisiponunuliwa wanakula wao, na siku zikinunuliwa zote, wanalala njaa. Mwaka 2010 ikafika zamu ya Gracia, aliyekuwa mwanafunzi wa baba yake mwenyewe, akasimama na kusema, "Kazi ya papa, utamu yake, batu yote banamuitaka mwalimu; uchungu yake, Leta haimujue," yaani serikali haimjui. Darasa lilicheka, marehemu naye alicheka, lakini alipofika nyumbani hakugusa chakula, akamwambia Mama Julienne kwamba hataomba lolote kwa Mungu, isipokuwa mtoto huyu asije akashika chaki.

Sasa tunafika Jumanne tarehe 12 Februari 2013. Siku ile, bila kutangaza, tume ya kuhesabu walimu ilifika shuleni, maana serikali ilitaka kujua ni nani anayefundisha kweli na nani ni jina tu kwenye karatasi, na mwalimu aliyeonekana aliandikwa ili apewe namba, na mwenye namba asiyeonekana alifutwa. Asubuhi ile ile mtoto mmoja wa darasa la tatu, Sandrine, alikuwa ameanguka kwa degedege, na Papa Sylvain, toleka wa zamani, alimfunga mgongoni kwa kitambaa, akapanda baiskeli, akamkimbiza kwenye kituo cha afya. Aliporudi, jasho likimtoka, tume ilikuwa imeshafunga karatasi, kwenye jina lake wakiwa wameandika hayupo, na pembeni, kwa kalamu nyekundu, mwalimu wa uongo. Direkta aliwaeleza, wakasema wao hawaandiki maelezo. Alipanda tena baiskeli akawafuata mpaka beach, pale mitumbwi inapong'oa, mtumbwi wao ukiwa katikati ya mto, akasimama ndani ya maji mpaka magotini akipiga kelele, niko, niko, na mwanamke mmoja kwenye mtumbwi akampungia mkono, akidhani anaagwa.

Sandrine aliishi, yuko hapa leo na mtoto wake mgongoni, na marehemu hakujutia safari ile hata siku moja, hilo tunataka lijulikane. Lakini tangu hapo aliandika barua kumi na nne za kuthibitisha kwamba yupo, zikapigwa mihuri, zikalala. Mwaka 2019 shule zilipofanywa za bure, hata ile sabuni ya wazazi ikakatika, wengi wangeondoka, yeye akasema mvuvi hakati kamba ya kikapu kwa sababu maji ni mengi. Anayesoma maneno haya alimwambia usoni kwamba ni mjinga, arudi mtoni, na wakakaa miezi miwili bila kusalimiana, Mungu atusamehe sote wawili.

Agosti 2024 miguu yake ilianza kuvimba, Januari 2025 daktari akasema ni figo, alazwe mara moja. Wiki ile ile redio ikatangaza kwamba tume itapita tena, kati ya Februari na Machi. Mama Julienne alilia, padri alikuja, mimi mdogo wake nilipiga magoti, naye akatujibu, "Nikienda kulala hospitali, na bakafika, bataandika tena kama siko." Akawa anavushwa kila asubuhi, anakalishwa kwenye kiti mbele ya darasa, na kwa kuwa hakuweza tena kusimama, Gracia ndiye aliyeandika ubaoni, chaki mkononi, baba akimtajia maneno. Machi ikapita, tume haikuja, wakasema Aprili, Aprili ikapita. Alhamisi tarehe 15 Mei, baada ya kuita majina, aliinamisha kichwa mezani na watoto wakadhani anasali. Alifikishwa hospitalini siku hiyo hiyo, lakini dawa ilikuwa imechelewa, akatutoka Jumatatu tarehe 19 Mei 2025, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, waliofanya walichoweza kwa mtu aliyewafikia akiwa amekwisha, inawashukuru majirani wa Wagenia na wa Lubunga, wavuvi waliovusha waombolezaji bure, na wanakwaya ambao sauti zimewakauka.

Na sasa walimu wenzake, Direkta Mahmoudi, Mwalimu Nadège, na wengine sita. Nyinyi mlifunga shule tangu Jumanne, mkavuka mto, mkapasua kuni, mkachota maji, Nadège akapika pondu, majani ya muhogo, ya watu mia, hakuna ndugu wa damu aliyefanya zaidi. Asubuhi hii tulibishana kama tuwaambie leo au baada ya mazishi, Mama Julienne akasema waambiwe na sisi, marehemu akiwa bado juu ya ardhi. Jana Jumatano, saa nne asubuhi, Gracia alivuka kwenda shuleni kuchukua daftari la majina na miwani ya baba yake, ili viwekwe ndani ya sanduku, akakuta watu watatu uwanjani na kalamu zao. Ni tume. Aliwaambia walimu wako matangani, aliwaomba wangoje avuke kuwaita, mama mmoja akamjibu kwa upole, "Pole sana, mutoto yangu, lakini siye tunahesabiaka tu bale tunaona na macho." Walikuwa na shule mbili nyingine za kufika. Waliandika majina yenu manane, mara nane hayupo, na walipofika kwenye jina la Papa Sylvain, Gracia akasema huyo ndiye aliyekufa, wakasema kwa waliokufa kuna fomu nyingine.

Ndugu zetu, hatuna cha kuwapa. Ni sisi tuliowaita, na tunawaomba msamaha. Direkta, ulimwomba Gracia ashike darasa la tatu kuanzia Jumatatu, akakubali kabla mama yake hajafungua mdomo, na sala ile ya baba yake imeanguka chini hapo hapo.

Daftari tumelifungua kabla ya kuliweka. Ukurasa wa mwisho ni wa tarehe 15 Mei, kila mtoto na alama yake, na chini ya mtoto wa mwisho marehemu ameandika jina lake mwenyewe, Lofemba Sylvain, akajiwekea alama ya aliyepo.

Yaya, kaka yetu, pumzika kwa amani. Siye tulikuonaka.