Bi. Grasiana Ponsiano na Miezi Mitatu ya Bungu

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuuliza watu bei, Bi. Grasiana Ponsiano anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Kitengo chetu cha takwimu za bei hakijapata mdadisi mwingine mwenye miguu kama yake.

Alizaliwa kwenye kambi ya mkonge nje kidogo ya Korogwe, akaajiriwa mwaka 1994, akapewa wilaya zote mbili za Korogwe na Handeni. Wachuuzi wa soko la Manundu walimwita Mama Mizani, kwa kuwa hakuandika bei ya fungu la nyanya kabla ya kulipima mwenyewe. Kule Mombo aliwahi kuachwa na basi akibishana na muuza mahindi ya kuchoma kwamba mahindi yamekuwa mafupi kuliko ya mwezi uliopita. Alikuwa sahihi. Alikuwa na rula.

Bima ya afya ilipoingizwa kwenye kapu la bidhaa na huduma tunazofuatilia, kazi hiyo alipewa yeye. Kila tarehe kumi na mbili alimpigia simu Elina, wakala wa mfuko mdogo wa bima ya wakulima kule Bungu, kumuuliza mchango wa familia kwa mwaka. Mwaka 2022 mafuta ya kula, sabuni na nauli vilipanda. Jibu la Bungu halikusogea: shilingi elfu thelathini.

Sisi tulifurahi. Yeye alikosa raha. "Bei isiyosogea naiogopa," aliniambia. Kisha mzee Habakuki wa Bungu akamweleza kwamba yeye na mke wake mgonjwa wamerudishwa kwenye dirisha la hospitali, kwa kuwa elfu thelathini haitoshi tena. Taarifa yetu ilisema bima haijapanda.

Mwezi Novemba tukapanda mlimani hadi Bungu pamoja. Ukungu ulikuwa umefunika hadi mapaa. Ofisi ya wakala ilikuwa na kufuli lenye kutu. Bi. Grasiana akapiga namba ya Elina palepale mlangoni, na simu ikasikika ikiita nyumba ya pili.

"Shikamoo mama," ilijibu sauti ya msichana. "Bado ni elfu thelathini."

Tuliifuata sauti ile hadi ndani. Tulimkuta bibi wa miaka sabini, peke yake, simu sikioni.

Alikuwa Rosa, mama mzazi wa Elina. Elina alikuwa amefariki mwezi Machi. "Umebaki wewe tu unayemwita kwa jina lake," Rosa alisema, sasa kwa sauti yake mwenyewe. "Ningekwambia amekufa, mwanangu, usingepiga tena." Bi. Grasiana aliketi, akamshika mikono, wakalia.

Baadaye akamuuliza alianza lini kuipokea simu ya Elina. Julai, alijibu. Kabla ya hapo simu ilikuwa sandukuni, imeharibika. Fundi ndiye aliyeiwasha mwezi huo.

Tuliporudi nilifungua fomu mwenyewe. Aprili, Mei na Juni zilikuwa zimejazwa kwa mwandiko wa Bi. Grasiana, pamoja na saa ya kila simu. Elina, elfu thelathini. Nikamtazama.

"Niliongea na mtu," alisema. Akazipitia zile saa tatu kwa kidole, moja baada ya nyingine. "Kila mara nilijibiwa. Nani, sijui."

Angeweza kunyamaza. Aliandika barua, akakiri makosa ya miezi saba, kwani mchango halisi ulikuwa umefika elfu arobaini na nane tangu Aprili. Akapewa onyo. Takwimu zikasahihishwa, wanachama wa Bungu wakazishika wakaenda nazo kwenye kikao cha mfuko, na mfuko ukakubali walipe kwa awamu mbili. Mke wa mzee Habakuki alitibiwa Februari, na bado anapalilia maharage yake. Kwa ile miezi mitatu, kwenye nafasi ya chanzo cha bei, Bi. Grasiana aliandika "hakijulikani". Wakubwa walimshauri aandike jambo jingine. Alikataa.

Sasa anahamia shambani kwake Handeni. Rosa anaenda naye. Chumba cha Rosa kimeshapakwa chokaa.

Mama, ahsante kwa miguu yako na kwa ukweli wako. Mvua ikukute umeshapanda, ghala lisiishiwe, na uzee uje kwako polepole. Nenda salama.

Sufiani Hiza, mdadisi mwenzake